Mwiteni shemeji: barua ya wazi kwa maimamu wa Masisi na Walikale

Kwa masheikh, maimamu na walimu wa madrasa wa Masisi na Walikale, pamoja na viongozi wa Jumuiya ya Waislamu Kongo, COMICO, mkoani Kivu Kaskazini.



Nawaandikia nikiwa binti yenu. Juzuu Amma niliisoma juu ya mkeka wa madrasa, mbele ya mwalimu ambaye Mungu amrehemu, na leo nawasomesha wanawake wenzangu herufi na maana kadiri nilivyojaliwa. Ningeweza kumngoja mmoja wenu baada ya sala ya Ijumaa nikamweleza pembeni. Nimekwisha kufanya hivyo, na si mara moja. Sasa naandika hadharani kwa sababu jambo hili limenong'onwa vya kutosha mtoni, shambani na nyuma ya pazia la wanawake msikitini, na mnong'ono haujamrudishia mtu hata mche mmoja wa mgomba.

Februari 2025, baada ya Goma kuangukia mikononi mwa waasi wa M23 tarehe 27 Januari, kambi zilizouzunguka mji zilivunjwa. Watu wa Masisi waliokuwa Bulengo na Lushagala walijitwika magodoro na masufuria wakapanda tena milima yao. Wengi walirudi pungufu. Mjane mmoja kati ya wanaosoma kwangu alifika kwake na watoto wanne, akamkuta mdogo wa marehemu mumewe amepanda maharage katika shamba alilolilima yeye kwa miaka kumi na miwili. Akaambiwa shamba ni la ukoo. Watoto nao ni wa ukoo. Na yeye mwenyewe, kwa kuwa mahari yake ilikwisha kulipwa, ni wa ukoo vilevile, basi aingie nyumbani kwa shemeji yake au aondoke mikono mitupu.

Akaenda kuuliza dini inasemaje. Jibu alilopewa lilikuwa aya moja, ya 34 ya Suratun-Nisaa: kwamba mwanamume amepewa usimamizi, basi arudi akamsikilize msimamizi wake. Kijiji sikitaji, wala aliyemjibu simtaji. Jibu lile nimelisikia mahali pengi mno kuliweka shingoni mwa mtu mmoja.

Masheikh wetu, ombi langu ni moja. Someni aya za wanawake kuanzia pale zilipoanzia zenyewe, na zilianzia kwa mjane wa vita.

Mnaijua habari hii kuliko mimi, lakini niruhusuni niikumbushe kwa ajili ya wasomaji wengine. Mwaka wa tatu wa Hijria, yaani 625, Waislamu walipigana Uhud na watu wapatao 70 wakauawa. Madina ulikuwa mji mdogo. Vifo 70 vilikuwa karibu kila mlango. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo Saad bin Rabii. Jabir bin Abdillah amesimulia, na wapokezi wa Hadithi akina Abu Dawud na Tirmidhi wameandika, kwamba mjane wa Saad alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akiwa amewashika mikono binti zake wawili. Akaeleza kwamba baba yao ameuawa Uhud, na ami yao amechukua mali yote bila kuwaachia kitu. Mtume akamwambia kwamba Mwenyezi Mungu atatoa hukumu katika jambo hilo. Ndipo zikashuka aya za mirathi.

Tulieni kidogo hapo. Mume ameuawa vitani. Shemeji amechukua mali. Mama amebaki na wasichana wawili. Hii ni Madina, lakini mkifumba macho mnaweza kudhani ni Nyabiondo au Kitshanga, au kijiji chochote cha njia ya kwenda Pinga. Sheria ya mirathi, ambayo baadhi yetu tumeifanya fimbo ya kumfukuzia mjane, ilishuka kwa sababu mjane alisimama akalalamika.

Na haikushuka peke yake. Suratun-Nisaa inaanza kwa kutuambia kwamba sisi sote, waume kwa wake, tumetoka katika nafsi moja. Katika aya hiyo hakuna habari ya ubavu, wala ya nani aliumbwa kwa ajili ya kumtumikia nani. Kisha papo hapo inakuja kwenye mali ya mayatima: wapeni mali yao, msibadilishe kibovu chenu kwa kizuri chao. Hata ruhusa ya kuoa wake wengi, ambayo vijana wetu wanaihifadhi kabla ya Fatiha, imo ndani ya sentensi inayozungumza juu ya hofu ya kuwadhulumu mayatima, na aya ya 129 ya sura hiyohiyo inawaambia wanaume kwamba uadilifu kamili kati ya wake hawatauweza hata wakiutamani. Aya ya 7 inasema wanaume wana fungu na wanawake wana fungu, iwe mali ni kidogo au ni nyingi. Mtu akiambiwa kwamba shamba ni dogo mno kugawiwa mwanamke, aya ya 7 imekwisha kumjibu.

Kisha soma aya ya 19. Inakataza kuwarithi wanawake kwa nguvu. Wafasiri wanaeleza desturi ya Waarabu wa zamani: mume akifa, ndugu yake au mwanawe wa mke mwingine alimtupia mjane nguo, na kwa nguo ile akawa amemmiliki kama alivyomiliki mbuzi wa marehemu. Akitaka alimwoa, akitaka alimwoza na kula mahari yake, akitaka alimzuia mpaka afe. Aya ikaivunja desturi hiyo. Kwetu hatutupi nguo. Tunaitisha kikao cha familia, tunakunywa chai, tunamtajia mjane jina la shemeji atakayemchukua. Nguo ni ileile. Mjane akitaka kuolewa na shemeji yake kwa hiari baada ya edda ya miezi minne na siku kumi, ni haki yake. Akitiwa humo kwa kutishiwa shamba na watoto, hiyo si ndoa ya Kiislamu, na imamu anayeifungisha anaisaidia desturi ambayo Kurani ilishuka kuivunja.

Sasa nije kwenye aya ya 34 yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayotupwa mbele ya kila mwanamke anayeuliza.

Neno lililotumika ni qawwamun. Watafsiri wetu wa Kiswahili, akina Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy na Sheikh Ali Muhsin al-Barwani wa Zanzibar, Mungu awalipe kwa kutufungulia Kitabu kwa lugha tunayoota nayo, walihangaika nalo kama kila mfasiri alivyohangaika. Lakini mwanafunzi yeyote wa madrasa anaweza kufungua kurasa chache mbele katika sura hiyohiyo, aya ya 135, akalikuta neno hilohilo. Pale wanaambiwa waumini wote, wake kwa waume, wawe qawwamin wa haki, watoe ushahidi kwa ajili ya Mungu hata dhidi ya nafsi zao, wazazi wao na jamaa zao. Hakuna aliyewahi kulifasiri pale kwamba sisi ni mabwana wa haki na haki ni mtumishi wetu. Tumelielewa kuwa ni kuisimamia: kuibeba, kuilinda, kuihudumia. Kwa nini neno moja liwe mzigo linapohusu haki, na liwe kiti cha enzi linapohusu mwanamke?

Na aya imetaja sababu ya usimamizi huo: fadhila aliyoitoa Mungu, na mali wanayoitoa wanaume. Hapo ndipo Amina Wadud, Mmarekani mweusi ambaye kitabu chake juu ya Kurani na mwanamke kilitoka mara ya kwanza Kuala Lumpur mwaka 1992, aliposimama. Alisema kwamba usimamizi ule umefungwa na wajibu; asiyetimiza wajibu hawezi kuja kudai cheo. Asma Barlas wa Pakistani aliendeleza hoja hiyo mwaka 2002. Kwa Kifaransa, tunachokisoma shuleni huku kwetu, kuna Asma Lamrabet, daktari wa Morocco, aliyeandika Le Coran et les femmes mwaka 2007. Si lazima mkubaliane nao katika kila jambo. Mimi mwenyewe sikubaliani nao katika yote. Lakini swali lao lichukueni mje nalo Masisi.

Ni nani anayetoa mali Masisi? Ni mama anayeshuka na viazi na maharage mgongoni, kamba imembana paji la uso, kutoka mlimani hadi soko la Sake. Na huko Walikale ni mama anayeingia msituni kutafuta mawese na mihogo huku mume yuko kwenye mashimo ya madini, au amechukuliwa na kundi lenye silaha, au amekufa. Ada ya shule inatoka mgongoni mwake. Yule shemeji aliyepanda maharage juu ya jasho la mjane hajatoa hata sabuni ya watoto. Kwa kipimo cha aya yenyewe, msimamizi katika nyumba ile ni yule mama.

Na kupiga? Sitaki kukwepa. Neno daraba limo katika aya hiyo, na wanazuoni wengi wa zamani waliliona kuwa ruhusa ya mwisho, yenye mipaka mikali: kusiwe na alama, kusiwe usoni, kusiwe na maumivu. Kwa mipaka hiyo peke yake, kipigo ninachokiona katika nyumba zetu ni haramu bila mjadala. Lakini wapo waliokwenda mbali zaidi, na hawakuwa Wazungu. Ataa bin Abi Rabah, mufti wa Makka aliyefariki mwaka 114 wa Hijria, alisema mume asimpige mkewe, bali amkasirikie tu. Na Ibn al-Arabi, kadhi wa Kimaliki wa Andalusia, akamsifu kwa ufahamu huo. Karne iliyopita, Sheikh Tahir bin Ashur wa Tunisia aliandika katika tafsiri yake kwamba watawala wanaweza kuwazuia waume wasipige na kuwaadhibu wanaopiga, madhara yanapoenea. Mwaka 2007 Laleh Bakhtiar, Mmarekani mwenye asili ya Iran, alilifasiri neno lile kuwa ni kujitenga na mke, akatoa hoja kwamba Mtume hakupiga. Unaweza kupinga sarufi yake. Hadithi ya Aisha kwamba Mtume hakuwahi kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake, iliyomo katika Sahihi Muslim, huwezi kuipinga. Na tukumbuke kwamba neno nushuz, ambalo tunalitumia kwa mke tu, aya ya 128 inalitumia kwa mume. Waume nao huasi ndoa. Ni hotuba ngapi za Ijumaa zimesomwa juu ya aya ya 128?

Masheikh wetu, kuna jambo zito kuliko yote haya.

Kuanzia tarehe 30 Julai hadi 2 Agosti 2010, katika vijiji 13 vya njia ya Kibua hadi Mpofi, wilayani Walikale, watu wenye silaha walibaka watu wasiopungua 387. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliwahesabu: wanawake 300, wasichana 55, wanaume 23, wavulana 9. Jina la Luvungi likajulikana duniani kwa sababu hiyo. Ilipita miaka kumi mpaka mahakama ya kijeshi mjini Goma, tarehe 23 Novemba 2020, ilipomhukumu Ntabo Ntaberi Sheka, mmoja wa viongozi wa watu hao wenye silaha, kifungo cha maisha. Walikuwapo waathirika waliothubutu kusimama mbele ya majaji wakasema. Na maovu hayakukoma na hukumu hiyo: mwaka 2023 Madaktari Wasio na Mipaka walihudumia zaidi ya watu 25,000 waliofanyiwa ukatili wa kingono katika Kongo.

Wengine kati ya wanawake hao ni wetu. Wanafunga Ramadhani nasi. Na nimesikia kwa masikio yangu mwanamke akiambiwa kwamba kwa mujibu wa Kurani anatakiwa kuleta mashahidi wanne, la sivyo anyamaze asijiaibishe. Nimesikia pia mume akishauriwa amwache mkewe kwa kuwa ameharibiwa.

Mashahidi wanne wametajwa katika aya ya 4 ya Suratun-Nuur, na wanatakiwa kwa mtu anayemtuhumu mwanamke mwenye heshima zake. Asiyewaleta anachapwa viboko 80 na ushahidi wake haukubaliwi tena. Ni ngome iliyojengwa kumzunguka mwanamke asisingiziwe. Mbele kidogo katika sura hiyo, aya zinamhusu Mama Aisha, mke wa Mtume, aliposingiziwa baada ya kubaki nyuma ya msafara, mji mzima ukamnong'ona, mpaka Mungu akamtakasa na kuwakemea walioubeba uongo kwa ndimi zao. Kuitwaa ngome hiyo na kuigeuza gereza la mwanamke aliyebakwa ni kuipindua aya kichwa chini. Na kwa wanaosema neno la mwanamke ni nusu daima, wasome sura hiyohiyo, aya ya 6 hadi ya 9: mume akimtuhumu mkewe bila shahidi, wote wawili wanaapa, viapo idadi sawa, na kiapo cha mke kinamwondolea adhabu. Wanawake wawili kwa mwanamume mmoja ni habari ya aya ya 282 ya Suratul-Baqara, nayo inazungumza juu ya kuandikiana deni.

Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Wail bin Hujr habari ya mwanamke aliyekuwa akienda kuswali Madina, mwanamume akamvamia njiani. Mwanamke huyo alipoletwa kwa Mtume hakudaiwa mashahidi wanne. Aliambiwa aende, Mungu amemsamehe. Soma na aya ya 33 ya Suratun-Nuur, inayokataza kuwalazimisha wasichana uzinzi kwa tamaa ya mali, na inayosema kwamba baada ya kulazimishwa kwao Mungu ni mwingi wa msamaha na rehema. Wafasiri wengi wameeleza kwamba rehema hiyo ni ya aliyelazimishwa. Aya hiyo ilipaswa kubandikwa kwenye kila mlango wa msikiti ulio karibu na machimbo, Rubaya penye koltani na Bisie penye kasiteriti, ambako wasichana wadogo wanageuzwa bidhaa. Aliyelazimishwa hana dhambi. Hajaharibika. Hana cha kutubia. Akisikia maneno hayo kutoka kwenye mimbari, mume wake ataogopa kumfukuza, na mama mkwe ataogopa kumzomea.

Najua nitakachoambiwa. Nitaambiwa kwamba nimemeza fikra za Wazungu na mashirika yao. Basi tuwaulize waliokuwapo kabla ya mashirika. Ummu Salama, mke wa Mtume, alimuuliza kwa nini wanaume wanatajwa katika Kurani na wanawake hawatajwi, na jibu ni aya ya 35 ya Suratul-Ahzab, inayowataja wanaume na wanawake bega kwa bega mara kumi: waumini wa kiume na wa kike, wakweli wa kiume na wa kike, na kuendelea. Khawla bint Thaalaba alijadiliana na Mtume juu ya mumewe aliyemtamkia maneno ya kijahilia, na Suratul-Mujadila inaanza kwa kusema kwamba Mungu amemsikia. Aisha aliposikia watu wakisema kwamba sala inakatika akipita mbwa, punda au mwanamke, alikasirika, akawauliza vipi wamewafananisha wanawake na wanyama. Habari hiyo imo katika Sahihi Bukhari. Marekebisho yake kwa masahaba yalikuwa mengi kiasi kwamba Imamu Zarkashi, katika karne ya nane ya Hijria, aliyakusanya yakawa kitabu. Fatima Mernissi wa Morocco aliikumbusha dunia habari hizi katika Le harem politique mwaka 1987, lakini hakuzibuni. Mwanamke kuuliza Kitabu kinasemaje juu yake ni sunna ya mama wa waumini.

Yaliyo ya kigeni kwetu ni mengine. Kusema kwamba mwanamke harithi ardhi si Uislamu. Ni mila, na tuiite kwa jina lake. Milima ya Masisi ina watu wengi na ardhi kidogo, na miongo mitatu ya vita imeifanya kila hatua ya shamba kuwa sababu ya kuuana. Ardhi ikipungua, kamba inakatikia pembamba: anatolewa kwanza asiye na kaka wa kumsimamia. Kisha anatafutiwa aya. Mtu anakataa kumpa binti hata ile nusu ya fungu la kaka iliyotajwa katika aya ya 11 ya Suratun-Nisaa, halafu anaitaja aya ya 11 kuthibitisha kwamba mwanamke ni duni. Huko ni kula pande mbili.

Juu ya nusu yenyewe nitasema ninavyoamini. Fungu la kaka liliwekwa likiwa na mzigo: kumlisha dada, kumvisha, kumpokea akiachwa. Kaka asiyebeba mzigo huo anakula fungu la dada yake. Sheria ya nchi yetu, Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inawapa watoto wa kike na wa kiume sawa, na marekebisho yale yaliondoa sharti la mke kuomba ruhusa ya mume ili aende mahakamani. Baba Mwislamu anayeogopa kugusa mafungu ana njia iliyo wazi katika fiqhi: ampe binti yake shamba kwa hiba angali hai, mbele ya mashahidi na kwa maandishi. Katika nchi ambayo mtu anaamka mzima na kulala kaburini, asingoje. Mwenye binti aandike leo.

Kwa hiyo naomba mambo matano.

La kwanza, Ijumaa nne mfululizo zitengwe, Suratun-Nisaa ifundishwe kuanzia aya ya kwanza hadi ya 35 pamoja na sababu za kushuka kwake. Isikatwe kipande cha katikati.

La pili, kila msikiti uwe na kikao cha mirathi chenye wanawake wasiopungua wawili wanaojua kusoma, na mjane asikilizwe akiwa hana shemeji ubavuni.

La tatu, asifungishwe ndoa mjane ambaye hajaulizwa faraghani na mwanamke mwenzake, wala msichana ambaye hajatimiza miaka 18 ambayo sheria ya nchi imeiweka.

La nne, mwanamke au msichana akija kwenu amebakwa, kabla ya swali lolote apelekwe kwenye kituo cha afya, maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haifai kitu zikipita saa 72. Saa hizo zinaliwa na aibu na vikao vyetu. Mume aitwe aelezwe aya ya 33 ya Suratun-Nuur kabla hajaambiwa neno lingine na yeyote.

La tano, wasichana wafundishwe Kiarabu na tafsiri kama wavulana, ili kizazi kijacho kisihitaji kuandika barua kama hii.

Najua hali yenu. Wengi wenu hamna mshahara, mmekimbia mara tatu nne, mmezika watoto. Machi 2025 vita vilifika hadi Walikale mjini. Bunduki hamwezi kuzinyamazisha, wala siwaombi. Lakini kuna dhuluma isiyo na bunduki, inayotendwa na watu wanaowasikiliza ninyi, wanaoswali nyuma yenu na kuitikia amina. Hiyo iko chini ya mikono yenu.

Wahenga walisema mnyonge hana haki. Walieleza dunia walivyoiona. Mtume aliiona dunia hiyohiyo, na habari ya mjane wa Saad, ambayo sikuimaliza, inaonyesha alichokifanya. Aya ziliposhuka hakumrudisha yule mama kwa wazee wa ukoo, wala hakumwambia avumilie kwa ajili ya watoto. Alituma mtu amwite ami yao. Akamwamuru awape wale wasichana wawili theluthi mbili, ampe mama yao thumuni, na kitakachobaki ndicho chake.

Mjane wa Masisi amekwisha kuja kwenu. Amesimama mlangoni ameshika mikono ya watoto. Mwiteni shemeji.

Wabillahi tawfiq.

Ni mimi, binti yenu na dada yenu katika imani.